Kutoka kwenye kipaza sauti hadi kwenye kiti: njia si fupi kama tunavyodhani

Ukipita Naif jioni, au ukikaa katika moja ya ofisi za kago za Deira ambako wafanyabiashara wa Kariakoo, Darajani, Eastleigh na Kikuubo huja kufunga mizigo yao, utakuta mazungumzo ni mawili tu: bei ya kilo na siasa za nyumbani. Bei ya kilo humalizika mapema kwa kuwa kila mmoja anaijua. Siasa ndiyo isiyokwisha. Na siasa yenyewe siku hizi imechukua sura moja: nani ana watu wengi mtandaoni, msanii gani agombee jimbo gani, mtangazaji gani akiamua kusimama basi chama fulani ndiyo kwisha khabari yake. Hoja inayotawala mabaraza hayo ni kwamba mwenye wafuasi milioni tatu kwenye simu ana kura milioni tatu mfukoni.

Hoja hii hatuitupi, kwa sababu nusu yake ni kweli. Lakini nusu iliyobaki imeshawagharimu watu wa Afrika Mashariki damu, jela na miaka mingi iliyopotea, na ndiyo maana tumeona tuiandikie leo. Sisi tulioishi kwa kalamu na kipaza sauti kabla ya kulazimika kuondoka nyumbani tunaijua nguvu ya chombo cha habari kwa ndani. Tunajua pia mpaka wake unapoishia.

Tuanze na kisa ambacho wazee wa Kizanzibari waliopo hapa Imarati na kule Muscat hawahitaji kusimuliwa na mtu. Alfajiri ya tarehe 12 Januari 1964, watu wa Unguja waliamka wakasikia redioni sauti ya mtu wasiyemjua. Hakuwa mwanasiasa, hakuwa mbunge, jina lake halikuwahi kuandikwa kwenye karatasi ya kura. Alikuwa John Okello, mzaliwa wa Lango kaskazini mwa Uganda, aliyefika Pemba mwaka 1959 na aliyewahi kufanya kazi za uashi na kupaka rangi. Akajitambulisha kwa cheo cha Field Marshal, na kwa siku kadhaa sauti yake ndiyo iliyokuwa serikali. Alitoa amri, akataja adhabu, akahesabu idadi za kutisha za watakaouawa. Wengi waliokimbia na majahazi, ambao watoto na wajukuu wao leo wanazungumza Kiswahili kando ya Khor Dubai, hawakuwahi kumwona Okello kwa macho. Walimsikia tu.

Hapa ndipo penye somo ambalo wanaomtaja Okello kama kioja cha historia hawalioni. Mtu huyu alikuwa na chombo na alikuwa na haiba ya kutisha, haiba ya mtu asiyejulikana anayezungumza kama aliyetumwa na mbingu. Lakini hakuwa na tawi hata moja la chama. Afro-Shirazi walikuwa na matawi, wanachama, akina mama wa kupika kwenye mikutano, vijana wa kubeba ujumbe Ng'ambo nzima. Umma Party ya Abdulrahman Babu, ingawa ilikuwa changa, ilikuwa na makada waliofundishwa kupanga mambo. Wiki chache zilitosha. Mwezi Machi 1964 Okello alirudi kutoka safari ya bara, akazuiwa kuingia Zanzibar, akarudishwa alikotoka. Baada ya hapo alitangatanga Kenya na Uganda, akaandika kitabu chake kilichochapishwa Nairobi mwaka 1967, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, enzi za Idi Amin, hakuonekana tena. Mtu aliyeitikisa dunia kwa redio alitolewa kwa kunyimwa ruhusa ya kushuka kwenye ndege.

Tofauti ya kwanza tunayotaka msomaji aishike ni hiyo: sauti huweza kukifungua kiti, lakini wanaokikalia ni wale wenye orodha ya wanachama.

Tusiende mbali lakini bila kusema nini hasa redio inamfanyia mtu, maana wasomi wetu hupenda kuruka jambo hili kana kwamba ni dogo. Mwanasiasa wa kawaida unamwona mara moja kila miaka mitano, yuko juu ya gari, anapiga kelele, vumbi linaruka. Mtangazaji unaamka naye. Anakuwapo unapopika chai, anakuwapo kwenye daladala, anacheka na wewe, anampigia shangazi yako simu siku ya salamu. Baada ya miaka mitatu umeshamweka katika hesabu ya jamaa zako, hali yeye hajui hata kama upo. Siku akisimama kuomba kura, mwenzake inabidi ajitambulishe kwa wapigakura. Yeye wapigakura ndio wanaomtambulisha wao kwa wao. Gharama ya kujulikana, ambayo mgombea mwingine huilipa kwa fulana, khanga na mafuta ya magari, yeye ameshalipiwa na kituo chake cha redio.

Amina Chifupa alikuwa mfano wa wazi wa jambo hili nchini Tanzania. Alikuwa mtangazaji wa Clouds FM, sauti ya vijana wa mjini, na mwaka 2005, akiwa na miaka 24 tu, akaingia Bungeni kwa viti maalumu vya CCM kupitia vijana. Wengi wakamcheka. Wakasema mapambo hayo, chama kimetafuta sura ya kuwavuta vijana. Lakini yule binti alifanya jambo ambalo hawakulitarajia waliompeleka: alisimama akazungumzia biashara ya dawa za kulevya kwa ujasiri ambao wakubwa zake wengi hawakuwa nao. Alifariki dunia tarehe 26 Juni 2007, akiwa na miaka 26. Kifo chake kilizusha maneno mengi ambayo hatuna haja ya kuyarudia hapa kwa kuwa hayakuthibitishwa. Tunachokisema ni kwamba wananchi walimlilia kwa namna ambayo mbunge wa viti maalumu halilivyi. Walikuwa wakimlilia mtu wa nyumbani kwao. Lakini angalia pia upande wa pili: kiti chake kilikuwa cha chama. Hakikuwa cha wasikilizaji wake, hakikuwa na jimbo, na alipoondoka chama kilimweka mtu mwingine na vita aliyoianza ikabaki haina mwenyewe.

Miaka mitatu baadaye, 2010, akatokea Joseph Mbilinyi, Sugu, mmoja wa waasisi wa muziki wa kufokafoka kwa Kiswahili, akachukua jimbo la Mbeya Mjini kwa tiketi ya CHADEMA. Mwaka 2015 akalitetea na kulishinda tena, na safari hiyo akafuatwa Bungeni na Joseph Haule, Profesa Jay, aliyeshinda Mikumi. Hawa hawakupewa viti. Walivipigania majimboni, na CHADEMA ya miaka ile ilikuwa na kitu ambacho Okello hakuwa nacho: mawakala. Kijana anayekaa kituoni tangu alfajiri, hali chakula cha mtu, haendi haja bila mwenzake kushika nafasi yake, na hatoki mpaka apate nakala ya karatasi ya matokeo. Mbeya ile ilikuwa na vijana wa namna hiyo kwa mamia. Tunathubutu kusema kwamba nyimbo za Sugu zilimpa mkutano uliojaa, lakini mawakala ndio waliompa ubunge.

Februari 2018 Sugu alihukumiwa miezi mitano jela, yeye na katibu wa chama chake wa kanda, kwa maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wa hadhara kumhusu rais. Alitoka Mei mwaka huo kwa msamaha. Mwaka 2020 matokeo yaliyotangazwa yakampa jimbo Tulia Ackson, ambaye baadaye akawa Spika, na chama chake Sugu kikabakiwa na mbunge mmoja tu wa kuchaguliwa nchi nzima. Upinzani uliyakataa matokeo yale. Tunayataja kwa sababu yanaonesha kitu kimoja: umaarufu wa Sugu haukupungua kati ya 2015 na 2020. Pengine jela ilimwongezea. Kilichobadilika ni nani anaruhusiwa kusimama kituoni na nani anatolewa.

Serikali zetu, tuzipe haki yao, zimelielewa somo hili haraka kuliko wapinzani. Kumnyamazisha msanii ni njia moja. Njia nyingine, na ndiyo ya zamani zaidi, ni kumwajiri. CCM ilikuwa na Kapteni John Komba na kundi lake la TOT tangu vyama vingi vilipoanza, na Komba mwenyewe akawa mbunge wa Mbinga Magharibi mpaka alipofariki Februari 2015. Mwaka 2020 Hamisi Mwinjuma, Mwana FA, akachukua Muheza kwa CCM, na mwaka 2023 akateuliwa naibu waziri. Hatuna ugomvi na mtu kuchagua chama akipendacho. Msanii naye ni raia. Ugomvi wetu ni na ile biashara ya kampeni, ambapo msanii hapandi jukwaani kama raia mwenye maoni bali kama spika za kukodi. Anaimba nyimbo mbili, anavaa rangi ya chama, anashuka. Umati uliokuja kumsikiliza unapigwa picha na kuhesabiwa kuwa ni umati wa mgombea.

Kwa muda mrefu biashara hiyo ilionekana haina hasara. Oktoba 2025 ikaonesha hasara yake. Baada ya uchaguzi wa tarehe 29, na maandamano na mauaji yaliyofuata huku mtandao ukiwa umefungwa, mtandao ulipofunguliwa mashabiki waliwarudia wasanii wale wale waliokuwa majukwaani wiki chache nyuma. Wakahimizana kuacha kuwafuata, wakahimizana kutonunua bidhaa zao. Waliojengwa na watu kwa miaka kumi walibomolewa kwa siku kumi. Wapo waliosema huo ni wivu na ushamba. Sisi tunasema shabiki alikuwa anadai kilicho chake: umaarufu wa msanii ni mali ya aliyempa, na aliyempa alikuwa mitaani siku ile.

Uganda ndiko jaribio hili limefika mbali zaidi, kwa hiyo inafaa tutulie hapo kidogo. Robert Kyagulanyi, Bobi Wine, kijana wa Kamwokya aliyesoma muziki na uigizaji Makerere, aligombea ubunge wa Kyadondo Mashariki katika uchaguzi mdogo wa Juni 2017 bila chama. Alipata kura zaidi ya 25,000. Mgombea wa NRM aliyemfuata hakufika 5,000. Watu wakashangaa. Lakini aliyeijua Kampala hakushangaa. Kuanzia mwaka 2000 Waganda walikuwa na ebimeeza, midahalo ya redio iliyofanyika hadharani, mwananchi anakaa mezani na soda yake, anapewa kipaza sauti na kumhoji mheshimiwa hewani. Ilikuwa skuli ya siasa isiyo na ada. Septemba 2009, baada ya ghasia za Buganda, serikali iliipiga marufuku ebimeeza na kuifunga redio ya CBS kwa zaidi ya mwaka mmoja. Maoni yetu, na yeyote anayetaka kutupinga atupinge, ni kwamba siku ile meza zilipoondolewa ndiyo siku muziki ulipopewa kazi ambayo haikuwa yake. Hoja zilizokuwa zikisemwa na watu mia mezani zikakosa pa kwenda, zikaingia kwenye nyimbo za mtu mmoja.

Kilichofuata kinajulikana. Matamasha yake yalizuiwa. Agosti 2018 huko Arua dereva wake aliuawa kwa risasi, naye akakamatwa na kuteswa. Novemba 2020 alipokamatwa tena katikati ya kampeni, watu wasiopungua 54 walikufa katika siku mbili za vurugu. Mwaka 2021 matokeo rasmi yalimpa takriban asilimia 35, na chama chake cha NUP, kilichozaliwa mwaka mmoja tu nyuma, kikawa chama kikuu cha upinzani Bungeni kikiwa na wabunge zaidi ya 50. Januari 2026 aligombea tena, mtandao ukafungwa tena, na tume ikatangaza kuwa Museveni amepata zaidi ya asilimia 70 na yeye takriban asilimia 25.

Wapo wanaosoma tarakimu hizo na kusema nyota imezimika. Hatukubaliani nao, lakini pia hatukubaliani na wale wanaosema kila kitu kiliibwa na hakuna la kujifunza. NUP iliizoa Buganda na miji mwaka 2021. Kaskazini, magharibi na vijiji vya mbali, ambako nyimbo zake zinapigwa lakini hakuna tawi la chama, hali ilikuwa nyingine. Msanii anafika kila mahali kwa redio. Chama kinafika pale tu ambapo mtu amekifikisha kwa miguu. Bobi Wine mwenyewe anajua hili kuliko mashabiki wake wa Deira na Boston. Ndiyo maana alihangaika kutafuta chama kilichosajiliwa badala ya kubaki na kauli mbiu na kofia nyekundu.

Majirani zetu hapa Deira wangeweza kutusaidia kuyaelewa haya kama tungewauliza. Fundi wa simu wa Al Sabkha anayetoka Tamil Nadu amekulia katika jimbo ambalo sinema na serikali ni ukoo mmoja. M.G. Ramachandran, mwigizaji aliyependwa kupita kiasi, alifukuzwa kwenye chama chake mwaka 1972, akaanzisha chake, na kutoka 1977 akawa waziri mkuu wa jimbo lile mpaka alipofariki mwaka 1987. Aliyeigiza naye, Jayalalithaa, akarithi chama na baadaye kiti. Watu wa mbali wanadhani ni uzuri wa sura. Siri yake ilikuwa vilabu vya mashabiki. Kila mtaa ulikuwa na klabu yake, yenye mwenyekiti, mweka hazina na vijana wa kubandika mabango. Alipohama chama, vilabu vile vikageuka matawi takriban usiku mmoja. Na dalili kwamba siri haikuwa uigizaji ni hii: Sivaji Ganesan, ambaye wajuzi wengi wa sinema ya Kitamil wanamweka juu ya Ramachandran kwa kipaji, alianzisha chama mwaka 1988, akaingia uchaguzini mwaka 1989, akashindwa hata katika jimbo alilogombea mwenyewe.

George Weah wa Liberia vile vile. Mwaka 2005 alikuwa mtu maarufu kuliko wote nchini mwake na Ellen Johnson Sirleaf akamshinda. Alirudi darasani, akawa seneta mwaka 2014, akaungana na wanasiasa wa zamani wenye mikoa yao, na mwaka 2017 ndipo akapata urais. Ilimchukua miaka 12 kuubadilisha mpira kuwa kiti, na miaka sita kukipoteza.

Kenya inatupa kisa cha karibu na kazi yetu, na kwa hiyo kinatuuma zaidi. Mohamed Ali wa KTN, kwa kipindi chake cha Jicho Pevu, aliwafundisha watazamaji wa Kiswahili kwamba upelelezi wa habari unaweza kufanywa kwa lugha yao na ukawatoa jasho wakubwa. Mwaka 2017 watu wa Nyali, Mombasa, wakamchagua kuwa mbunge akiwa mgombea binafsi. Mwaka 2022 akarudi kwa tiketi ya UDA, chama kilichoingia Ikulu. Ni haki yake, na wapigakura wake wamemkubali mara mbili. Lakini sisi waandishi tunaruhusiwa kuuliza: Nyali ilipata mbunge mmoja kati ya mamia waliomo Bungeni. Watazamaji wa Kiswahili wa pwani nzima walipoteza jicho, na nani amewekwa mahali pake? Kila mtangazaji mzuri anapokwenda Bungeni, kiti anachokiacha studioni hujazwa haraka, mara nyingi na mchekeshaji au msoma matangazo ya biashara. Wanasiasa hawajawahi kulalamikia badilisho hilo.

Tumemwacha mwisho mtu ambaye mabaraza ya Deira humtaja kuliko wote hawa. Mange Kimambi, Mtanzania aishiye Marekani, alijulikana kwanza kwa blogu ya mitindo na maisha ya watu maarufu, kisha akageukia siasa. Aliita maandamano ya tarehe 26 Aprili 2018. Polisi wakatoa vitisho vizito, siku ikafika, mitaa ikawa mitupu. Magazeti ya nyumbani yakamcheka kwa wiki nzima. Yakaandika kwamba simu haiandamani. Mwaka 2025 sauti ile ile, yenye ukali ule ule na lugha ile ile ambayo wengine haiwafai masikioni, ilikuwa miongoni mwa zilizopigia debe maandamano ya tarehe 29 Oktoba. Mitaa ikajaa.

Kama umaarufu ndio unaotoa watu majumbani, mbona haukuwatoa 2018? Mwitaji hakubadilika. Kilichobadilika ni nchi. Kati ya tarehe hizo mbili watu walishuhudia uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019 na uchaguzi mkuu wa 2020, walishuhudia watu wakitekwa na wengine wasionekane tena, na Aprili 2025 walimwona Tundu Lissu akikamatwa kwa shitaka la uhaini na CHADEMA ikienguliwa kwenye uchaguzi, kisha mgombea wa ACT-Wazalendo naye akaenguliwa. Hapakubaki karatasi ya kura yenye jina la kumpa mtu matumaini. Serikali inayosema kwamba vijana walidanganywa na mwanamke mmoja wa California inajidanganya yenyewe, kwa sababu inakataa kuhesabu miaka saba iliyo katikati. Na wale wa upande wetu wanaosema mtu mmoja anaweza kuiangusha serikali kwa simu wanafanya kosa lile lile, ila wao kwa furaha. Mtandao ulipozimwa, waliobaki barabarani hawakuwa na mtu wa kuwaambia waende wapi, wakusanyike wapi, warudi lini. Hakukuwa na tawi. Idadi ya waliouawa imekuwa ikibishaniwa tangu siku hiyo, na zipo familia zilizotafuta maiti bila kuzipata. Disemba 2025 Meta iliziondoa akaunti zake za Instagram, akaunti zenye mamilioni ya wafuasi, kwa uamuzi wa kampuni. Okello alikuwa akitumia mtambo wa serikali. Huyu alikuwa akitumia mtambo wa mfanyabiashara. Chombo hakikuwa chao wote wawili.

Kuna watakaotujibu kwa mfano wa vijana wa Kenya, nao wana hoja. Juni 2024 vijana wale waliingia barabarani bila nyota na bila chama, wakifanya makusudi kutokuwa na kiongozi wa kukamatwa au wa kununuliwa, na tarehe 26 Juni, siku moja baada ya Bunge kuvamiwa na watu kuuawa, Rais Ruto akatangaza kuuondoa muswada wa fedha. Tunawavulia kofia. Lakini muswada ni kitu cha kukataliwa, na kukataa hakuhitaji mawakala. Kiti ni kitu cha kukalia. Kenya itapiga kura tena Agosti 2027, na tayari wapo miongoni mwa waliojulikana kwa maandamano yale wanaotafuta majimbo. Tutawaona wakipita mle mle: wamejiandikisha chama gani, wana mawakala wangapi, nani anawalipia mafuta.

Turudi kwetu sisi tulio ughaibuni, maana tunadhani chanzo cha ugonjwa wetu wa kuabudu nyota kiko hapa zaidi kuliko nyumbani. Nchi hii tunayoishi haina vyama vya siasa, na mgeni mwenye akili hukaa kwa adabu za mwenye nyumba. Hakuna mkutano wa kuhudhuria, hakuna tawi la kwenda kugombana na mwenyekiti, hakuna kituo cha kulinda. Siasa yote ya Mtanzania wa Deira imo ndani ya simu. Kupenda, kusambaza, kukoma kumfuata mtu, na mwisho wa mwezi kutuma pesa nyumbani: hiyo ndiyo kura yetu. Mtu ambaye kura yake ni kidole kwenye kioo atawezaje kuacha kuamini kwamba vidole vingi ndiyo dola? Wagombea wa nyumbani wanalijua hilo. Wanatutumia video, tunalia, tunachanga, wanatuita majembe. Wakishinda au wakishindwa, hakuna anayetuuliza orodha ya madai yetu iko wapi, kwa sababu hatukuwahi kuiandika.

Mkenya tunayekaa naye meza moja ana afadhali. Mwaka 2022 Wakenya waliojiandikisha hapa Imarati walipiga kura ya urais papa hapa, kwenye ofisi zao za ubalozi. Kura ya urais peke yake, na waliojiandikisha hawakuwa wengi, lakini karatasi ilikuwa karatasi na ilihesabiwa. Mtanzania wa ughaibuni amekuwa akiahidiwa jambo hilo kwa miaka na marais wanaopita Dubai na Abu Dhabi kukutana na diaspora, na katika uchaguzi wa 2025 hakuwa nalo. Maombi ya kutaka haki hiyo hayahitaji msanii. Yanahitaji jumuiya zetu za Watanzania, zile zinazokutana kwa misiba na Siku ya Uhuru, zikusanye majina, ziandike barua moja, zipeleke ubalozini, na mwezi ukipita bila jibu zipeleke ya pili.